Mguu wa Mbwembwe

3 Machi

Mdogo wangu,

Mimi sijambo, ukiuacha mguu. Shangazi naye hajambo, anakusalimu, na anasema umekonda kwenye ile picha aliyotumiwa. Nimemwambia hujakonda, ni gauni ulilojishonea mwenyewe ndilo limekubana. Mama mwambie nakula, nalala, na lile begi la dawa sijalipoteza.

Mama ndiye aliyetaka tuandikiane, na kwa mara ya kwanza mwaka huu nakubaliana naye. Simu yetu ya mwisho mmoja wetu alimkatia mwenzake, na sitasema ni nani kwa sababu sote tunamjua. Dereva wa lori la nyasi kavu amekubali kubeba barua. Anapita hapa, anapita kwenye banda la Meja, na hana haraka na maisha. Usimsumbue.

Haya, tuje kwenye mambo yenyewe. Siku ile tulipoanguka kwenye mtaro, mimi nilivunjika paja, Mbwembwe akavutika kano la mguu wa mbele wa kushoto. Mimi nimetiwa chuma na skrubu sita. Yeye ametiwa wewe. Sikukuchagua mimi, nataka hilo lieleweke. Meja alisema banda ni lake na farasi ni wangu, kwa hiyo atafutwe mtu wa familia wa kumuuguza, na Mama akakutaja wewe kabla sijafungua macho hospitalini. Wewe ni mshona nguo, na mzuri, sikatai. Ila farasi hapimwi kwa futi.

Sasa sikiliza. Maji baridi mguuni asubuhi na jioni, robo saa kila mara, na robo saa ni robo saa. Bendeji isibane, kidole chako kipite. Asitoke chumbani mwake ila kwa kamba, kutembezwa pole pole, dakika kumi asubuhi na kumi jioni, kila wiki unaongeza tano. Asikimbie. Asiachiwe uwanjani hata akikuangalia kwa yale macho yake ya yatima. Usimwimbie. Usimbandike jina jingine. Usimkune chini ya taya, hapendi. Nimesema uongo, anapenda sana, lakini kazi hiyo niachie mimi. Na usitie karoti mfukoni ili akuchokoe, huo mchezo ni wetu wawili.

Nimekaa naye miaka tisa, tangu ana masikio makubwa kuliko akili. Wewe unanishikia tu. Ukimaliza unanirudishia.

Dada yako


19 Machi

Dada,

Shikamoo. Mama hajambo, macho yake ndiyo yaleyale, kwa hiyo barua yako nimemsomea mimi. Kuna mistari niliiruka. Pale pa gauni alicheka mpaka akashika ubavu, basi ujue kuna mtu mmoja hapa ulimfurahisha.

Cherehani nimeifunika shuka. Wateja wamekasirika, mmoja ni bibi harusi, lakini nimewaambia nina mgonjwa. Hawakuuliza mgonjwa ana miguu mingapi.

Siku ya kwanza nilisimama nje ya mlango wake nusu saa na ndoo mkononi, nikimwambia yeye aanze kuwa mpole ndipo niingie. Nilimwogopa, sifichi. Sasa akisikia kandambili zangu tu anagonga mlango kwa kwato. Uvimbe umeshuka. Bendeji nimeijua haraka, kitambaa ni kitambaa. Juzi nikiwa nimeinama kumfunga, aliniwekea kidevu begani akasinzia. Nilikaa vile mpaka bega likafa ganzi, sikuthubutu hata kukohoa. Karoti sikuweka mfukoni, naapa. Aliitafuta mwenyewe na mfuko akaupasua.

Kumwongoza nimefundishwa na Fundi Nyundo, yule anayewapigilia farasi viatu. Kasema mtu anasimama kushoto kwa farasi, kamba mkono wa kulia, bega kwa bega, na kwamba dunia nzima wanafanya hivyo. Nami nafanya hivyohivyo.

Lakini Dada, anachechemea. Akiwa amesimama hana neno. Nikimbonyeza mguu hashtuki, haujapata joto wala haujavimba. Nikianza kumtembeza tu, hatua ya mguu wa kushoto inakuwa fupi na kichwa kinaruka juu kila anapokanyaga. Daktari wa mifugo amekuja mara mbili. Anasema kano limepona vizuri kuliko alivyotarajia na hapaswi kuchechemea hata kidogo, kisha anamwangalia anavyochechemea, halafu anajikuna kidevu. Uliwahi kumwona hivi? Ana nini?

Mdogo wako


5 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Hapa tuko wazima. Nimeanza magongo. Ngazi tatu za mlangoni kwa Shangazi zinanichukua muda ambao yeye anapika chai, anaimimina, anainywa na kuniuliza mbona sijaingia. Kwenye chumba cha mazoezi hospitalini tuko wanawake watano, wote tumeanguka kutoka kwenye kitu, na mmoja ameanguka kutoka kitandani. Tunamcheka, naye anatucheka sisi. Mama mwambie asitume tena soksi, nina jozi tisa na mguu mmoja unaofanya kazi.

Kidevu begani, umesema.

Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi kuliko inavyostahili. Mimi aliniwekea kidevu baada ya miaka miwili. Miwili, ya kuamka saa kumi na moja alfajiri, ya kung'atwa, ya kusukumwa kwenye tope mbele ya watu. Wewe umekwenda na kandambili, siku kumi na tano, ukapewa. Nimeona donge, na nakwambia waziwazi ili usije ukasema nakuficha mambo. Shangazi aliniuliza mbona sili, nikamwambia chai ni ya moto.

Kuhusu kuchechemea. Angalia kwato, pengine kuna kijiwe. Angalia msumari wa kiatu, Fundi Nyundo ana mkono mzito na mdomo mzito zaidi. Angalia sakafu isiwe inateleza. Angalia bendeji yako, maana kitambaa ni kitambaa lakini mguu si mkono wa blauzi. Sina zaidi.

Ila niambie jambo moja. Unapomwongoza, anaangalia wapi?

Dada yako


20 Aprili

Dada,

Shikamoo. Mama anakohoa kidogo lakini anakohoa huku anaongea, kwa hiyo sijashtuka. Soksi ameshatuma nyingine, zipo kwa dereva, nisamehe.

Kijiwe hakuna. Msumari Fundi Nyundo ameutoa akaurudisha, na amenuna wiki nzima kwa sababu nilimsomea ulivyosema. Sakafu nimemwaga mchanga. Bendeji Daktari aliifungua, akaniuliza nani kafunga, akasema angetamani wasaidizi wake wafunge hivyo. Nimekuandikia hilo kwa makusudi.

Alileta na ile mashine yake ya picha za mifupa. Picha kumi na mbili, zote safi. Amempa dawa ya maumivu wiki moja, hakuna tofauti. Anasema amewahi kuona farasi anachechemea bila sababu, lakini si kila siku, na si mguu uliokwisha kupona.

Umeuliza anaangalia wapi. Sikuwa nimeona mpaka ulipouliza. Anaangalia kulia. Shingo yote anaipinda kulia, upande ambao hakuna mtu, na masikio yote mawili yanaelekea huko huko. Nikimvuta anyooke ananyooka hatua mbili, kisha anageuka tena. Anafanana na mtu aliyeachwa kituoni. Nimekwenda mpaka huo upande nikatazama kuna nini. Kuna ukuta.

Sasa sikia habari mbaya. Meja aliniita ofisini. Banda lina nafasi nane, anasema, na farasi asiyetembea anateseka hata kama halii. Amempa mpaka mwisho wa Juni. Kama siku hiyo bado anachechemea, Daktari atamlaza kwa sindano, asiamke tena. Hakusema kwa ukali. Baadaye nilimkuta chumbani mwa Mbwembwe anamkuna paji la uso, kofia kaivua, na hapo ndipo nilipoogopa.

Dada, kuna kitu unakijua? Swali lako lilikuwa swali la fundi anayemuuliza mteja shati linabana wapi, na yeye ameshaona. Kama unakijua, sema. Na daktari wako amesema nini kuhusu mguu wako? Unatuandikia habari za ngazi na chai tu.

Mdogo wako


8 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Shangazi mzima, soksi zimefika, mguu unaendelea. Mwanamke aliyeanguka kitandani ameruhusiwa kwenda nyumbani na ametuachia mto wake kwa kejeli.

Sijui kitu. Swali lilikuwa swali.

Dereva wa lori ana mdomo, na mara hii alikaa akanywa chai mbili. Kaniambia unavaa buti zangu. Kaniambia mlangoni kwa Mbwembwe kibao chenye jina langu kimeshushwa ili kipakwe rangi na hakijarudi, na kwamba Meja mwenyewe, Meja ambaye kwangu hakuwahi kutoa hata asante, anakuita Mama Mbwembwe mbele ya wageni. Nimemuuliza anaongea na nani akisema hivyo, akajibu anaongea na wewe, na wewe unaitika.

Unaitika.

Tangu utotoni mwetu ukiona nina kitu unakaa pembeni unakitazama, huombi, hugusi, unatazama tu mpaka Mama anasema mpe mdogo wako. Nimekupa mdoli, nimekupa kitanda cha dirishani, nimekupa Mama. Nimeondoka mwezi Februari nikiwa nimelazwa chali, na sasa unavaa buti zangu. Hukuweza kungoja hata nikanyage chini?

Halafu unaniuliza mimi kwa nini farasi anachechemea. Muulize Daktari anayezipenda bendeji zako. Mimi niko mbali, nina magongo mawili, na Mbwembwe anaye Mama mwingine. Huenda anachechemea kwa sababu amebanwa. Huenda hakupendi kama unavyodhani. Nimeandika hilo na silifuti.

Barua hii usimsomee Mama.

Dada yako


21 Mei

Dada,

Shikamoo. Nimeandika shikamoo kwa sababu nimelelewa.

Mama nilimsomea. Yote, bila kuruka. Aliniuliza kama wali umeiva.

Buti zako nazivaa kwa sababu kandambili zilikanyagwa na farasi wako pamoja na kidole kilichokuwa ndani. Kibao kimeshushwa kwa sababu mbao imeoza. Meja ananiita anavyotaka, mdomo ni wake. Na ndiyo, naitika. Naitika kwa sababu maisha yangu yote nimeitwa mdogo wake yule wa farasi. Sokoni, kanisani, kwa wateja wangu mwenyewe, na tepu iko shingoni mwangu. Wewe ndiye wa farasi, mimi ndiye mdogo wake. Nilikuwa nikisimama nje ya uzio wa Meja kukuletea chakula na unakuja kukichukua bila kunitazama, huku yule mnyama anakufuata bila kamba. Kijicho nilikuwa nacho, Dada. Nilikuwa nacho kiasi kwamba nilikuwa narudi nyumbani nashona pindo linakwenda upande, nafumua, nashona tena. Umesema kweli, nilikuwa natazama. Hukuwahi kuniita niingie.

Mdoli ulikuwa umekatika kichwa uliponipa.

Hatua zake ni zilezile kwa yeyote anayekuja kumwona asubuhi. Meja bado anahesabu siku. Wewe unanificha kitu, nakijua kama ninavyoujua mshono wangu. Basi usijali, sasa tuko sawa. Na mimi kuna ninachokuficha, na sikwambii ng'o.

Mdogo wako


6 Juni

Mdogo wangu,

Salamu zangu leo ni fupi, Shangazi mzima, mimi mzima, mwambie Mama anisamehe. Ningepiga simu. Nimeishika simu mara tatu leo nikairudisha mezani, kwa sababu nikisikia sauti yako nitaanza kujitetea, na sina cha kujitetea. Bado kuna siku ishirini na nne. Barua itafika.

Ninajua kwa nini Mbwembwe anachechemea. Nimelijua tangu barua yako ya Machi, mstari ule wa Fundi Nyundo.

Mimi ni mashoto. Wewe hujui, umezaliwa wakati nimeshachapwa shuleni mpaka mkono ukakubali. Naandika kwa kulia, nakata mkate kwa kulia, hakuna anayejua ila Mama, na nadhani hata yeye amesahau. Lakini nilipompata Mbwembwe, alfajiri, uwanja mtupu, hakuna mwalimu wala Meja, nilishika kamba kwa mkono niliozaliwa nao. Kwa hiyo nilisimama kulia kwake. Kila kitu nilimfundisha kutoka kulia, kuongozwa, kuvikwa tandiko, kupandwa. Fundi Nyundo hufika saa nne, mimi nimeshamaliza na nimeketi. Farasi yule hajawahi kuongozwa na mtu aliye kushoto kwake hata siku moja maishani. Ukisimama kushoto, anamtafuta mtu upande wa kulia. Anapinda shingo kumtafuta, na shingo ikipinda vile uzito wote unahama, na mguu wa kushoto unakosa nafasi ya kufika mbele. Hana ugonjwa. Anatafuta mtu.

Nilipoisoma ile barua nilicheka peke yangu. Nataka ujue hilo pia, sitaki nijipake mafuta. Nilifurahi. Wewe ulikuwa na kidevu chake begani, na mimi nilikuwa na hii, kwamba kila hatua anayopiga ananitafuta mimi. Niliilaza ile barua chini ya mto. Nikakuuliza anaangalia wapi, si kwa sababu sikujua, ila nilitaka kukusikia ukisema. Ukasema. Nikalala vizuri usiku ule kuliko tangu nilipovunjika. Hata uliponiandikia habari za sindano, nilijiambia bado, wiki moja tu zaidi aendelee kunitafuta. Kijiba cha roho kilikuwa kimenikaba hivyo. Kisha nikaandika ile barua ya Mei, na nikajua kuwa nimekuwa mtu mbaya, lakini hata hapo nilinyamaza siku nyingine ishirini na tisa.

Na jambo la pili uliloniuliza. Daktari wangu aliniambia tangu Aprili. Paja limeungana fupi. Nitatembea kwa fimbo, na fimbo itakuwa mkono wa kushoto. Kupanda farasi basi. Kumwongoza pia basi, maana akishtuka sitaweza kumshika wala kukimbia. Sikuwaambia kwa sababu mlikuwa mtasema pole, halafu mngeanza kunizoea hivyo.

Nenda kasimame kulia kwake. Kamba mkono wa kushoto, usiivute, iache ilegee. Mwite Meja aone.

Dada yako


20 Juni

Dada,

Shikamoo. Mama kikohozi kimemwisha. Barua yako imefika leo saa tano asubuhi. Lori lilikatika ekseli, dereva amelala barabarani siku tisa na barua yako ikiwa juu ya dashibodi. Anaomba radhi, wino umefifia.

Meja alisogeza siku. Kuna mtu anahitaji nafasi bandani, na Daktari alikuwa anasafiri, wakakubaliana ifanyike tarehe kumi na saba. Hukuambiwa, mimi mwenyewe niliambiwa jana yake jioni. Siku tatu zilizopita, Dada, Daktari alifika na mkoba wake, akaomba maji ya kunawa. Meja alikuwa amevaa koti rasmi. Wakati huo barua yako ilikuwa kwenye dashibodi.

Ningekuwa sijui, leo ungekuwa unasoma barua nyingine.

Lakini nilikuwa najua. Tarehe kumi na mbili Mei nilijichoma sindano nikimmalizia yule bibi harusi nguo yake, ikaingia mpaka chini ya ukucha, mkono wa kulia ukavimba. Sikuweza kushika kamba. Nikaishika kwa kushoto, na kwa kushoto sikuweza kusimama upande ule nisipigane naye, basi nikazunguka nikasimama kulia. Akatembea. Amenyooka kama rula, kichwa kimetulia, hatua zote nne sawa. Nilimzungusha mara sita nikiwa nalia. Sikuelewa sababu, nilielewa tu kwamba amepona, na kwamba ni mimi peke yangu niliyeona.

Sikumwambia mtu. Asubuhi mbele ya watu namwongoza kutoka kushoto, anachechemea. Mchana wakila, nakwenda kulia, anatembea. Wiki tano nimefanya hivyo. Nilijua akipona tu Meja atakuandikia urudi, utakuja na magongo yako na amri zako, utachukua kamba mkononi mwangu bila kunitazama, nami nitarudi kwenye cherehani kuitwa mdogo wako. Nilisema nitamwonyesha Meja siku mbili kabla ya mwisho wa mwezi. Nilizihesabu siku kama mwizi. Meja aliposogeza tarehe, nilikuwa karibu nimemuua kwa ajili ya majuma mawili ya kuitwa Mama Mbwembwe. Ungesema mwezi Aprili kuwa hutapanda tena, nisingefanya. Au ningefanya, sijui. Sina uso wa kukulaumu.

Tarehe kumi na saba niliwaambia subirini. Nikasimama kulia kwake mbele yao wote. Meja alinizungusha mara tatu, kisha akamwambia Daktari afunge mkoba. Daktari aliniuliza nimefanya nini. Fundi Nyundo tu ndiye aliyenuna, anasema si utaratibu.

Kuna jambo moja limebaki. Nimefikiria kulificha, nimeona tumefichana vya kutosha. Nikiwa upande wa kulia, Dada, hageuzi shingo. Hatafuti mtu. Anatazama mbele, masikio mbele, anakwenda. Ulisema kila hatua alikuwa anakutafuta wewe. Nadhani alikuwa anatafuta mtu yeyote wa upande ule, na sasa yupo. Nisamehe. Nimeandika mstari huo nikafuta, nikauandika tena.

Meja anapaka rangi mbao mpya ya mlangoni. Ameniuliza aandike farasi ni wa nani. Nimemwambia nitauliza.

Mdogo wako


27 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Shangazi anakusalimu. Mama mwambie nimepungua soksi, nimeanza kuzigawa.

Nimeisoma barua yako mara nne. Mara ya kwanza niliona mkoba tu, na Daktari ananawa mikono, na simu yangu hapa mezani ikiwa na chaji. Sitakuomba unisamehe kwa barua. Hilo nitakuja kulisema kwa mdomo, na ukinikatia utakuwa na haki.

Mara ya pili nilisoma kuhusu shingo. Nililala nao mstari ule siku mbili. Niliwaza unaniumiza kusudi, kisha nikawaza hapana, kisha nikawaza kusudi kidogo. Shangazi aliingia na chai akanikuta nimejifunika shuka uso mzima, akaketi kitandani akainywa ile chai yeye mwenyewe. Miaka tisa, na alikuwa anataka tu mtu asimame upande wake. Haya. Mtu amesimama.

Mwambie Meja aandike jina lako. Andika haraka kabla sijapata lori la kuja kukukataza, maana wivu sijapona, na sidhani kama huu una mazoezi ya hospitali. Ukiniambia amekulalia begani nitaona donge vilevile. Niambie tu.

Nakuja Jumamosi. Usije kunipokea, saa hiyo ni ya kumtembeza. Dereva atanishusha kwenye uzio wa Meja, nitasimama hapo nje na fimbo yangu niwatazame. Sitatoa amri. Ikinitoka moja, jifanye hukusikia. Na ukiniona nalia usimsimamishe, mmalizie kwanza mzunguko wake, halafu ndipo uniite niingie.

Dada yako